Laki nne na orodha ya vyuo sita: tuanzie wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko Songea, nauza nafaka sokoni. Binti yangu anamaliza kidato cha tano, anasoma CBG, na Juni hii anakuja likizo. Ameniandikia orodha ya vyuo sita anavyotaka tukavione kabla ya kuomba mwakani: Muhimbili, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), KCMC na Bugando. Baba yake anasema huko ni kuchoma hela, chuo atakiona siku ya kuripoti. Mimi nimepata laki nne kwenye mgao wa kikoba na nimeziweka kwa kazi hiyo tu. Twende vipi, tuache vipi? Na je, baba yake yuko sahihi?

Jibu:

Marahaba, mama. Nianze na mzee, maana nahisi hilo linakusumbua kuliko nauli. Baba yake yuko sahihi kwa vyuo vitano kati ya hivyo sita. Kwa kimoja amekosea, na kosa hilo lingeweza kuwagharimu zaidi ya hizo laki nne. Kwa hiyo nakwambia mapema: pandeni basi mwende SUA, Morogoro. Mkiwa mnarudi, shukeni Iringa mkaone Mkwawa, ambacho kwenye orodha ya binti hakimo kabisa. Vilivyobaki ama havimhusu, ama mnaweza kuvichunguza mkiwa hapo hapo Songea kwa simu na bando la elfu mbili. Sasa nikueleze nimefikaje hapo, ili ukiona pengine sikuielewa hali yenu ubadilishe mwenyewe.

Nilipoisoma barua yako, kabla ya kuangalia majina ya vyuo niliangalia zile herufi tatu. CBG: kemia, baiolojia, jiografia. Nilikaa ofisi ya taaluma miaka kumi na tisa, shule za kidato cha tano na sita, na karibu kila mzazi aliyekuja kuniona alianza na jina la chuo. Ni kama mtu anayelipia ukumbi wa harusi wakati mchumba hajapatikana. Kozi ndiyo mchumba. Chuo ni ukumbi.

Tatu kati ya sita zenu, Muhimbili, KCMC na Bugando, ni vyuo vya afya. Hukuniambia, lakini nadhani binti ana ndoto ya udaktari. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa kwetu inataka fizikia ya kidato cha sita, pamoja na kemia na baiolojia. Asiye na fizikia haingii kwa mlango huo hata apate A tatu. Jiografia haizibi pengo. Na siyo udaktari tu, kozi nyingi za vyuo hivyo zimejengwa juu ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Kumtembeza Muhimbili mtoto wa CBG ni kumsimamisha mbele ya kabati la kioo lenye maandazi huku mfukoni hana kitu. Atarudi Songea na huzuni uliyoilipia nauli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama. Akifika likizo, siku moja mkiwa mnachambua maharage wawili tu, baba yake hayupo, muulize: "Ni udaktari unaoutaka, au ni lile koti jeupe?" Usimcheke akijibu. Wapo wengi waliopangiwa CBG na Serikali huku wenyewe walijaza PCB, na wakanyamaza na ndoto yao miaka miwili. Akisema ni udaktari kweli kweli, bado kuna njia: cheti chake cha kidato cha nne, kama kina ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia, kinaweza kumwingiza kwenye stashahada ya utabibu katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na mwenye stashahada hiyo yenye GPA nzuri anaruhusiwa kuomba udaktari baadaye. Ni njia ndefu, lakini wapo madaktari waliopita humo. Hilo likitokea, niandikie tena, maana safari yenu itabadilika yote.

Kuhusu KCMC na Bugando nikuongezee neno moja. Kimoja kiko Moshi, kingine Mwanza, na vyote si vya Serikali; ada ya udaktari huko ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Muhimbili. Hata angekuwa PCB, nisingewapeleka kwa laki nne.

Vimebaki vitatu. Kabla hamjakata tiketi, pakueni mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye tovuti yao. Ni bure. Kuna miongozo miwili kila mwaka, mmoja wa wanaotoka kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada, msije mkasoma usiowahusu. Ndani yake kila chuo kimeorodheshwa na kozi zake: masomo yanayotakiwa, alama za chini, miaka ya kusoma, na safu moja ambayo watu huiruka, nafasi zilizopo. Kozi yenye nafasi 40 na kozi yenye nafasi 400 si kitu kimoja, hata kama alama za chini zinafanana. Alama zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Sakafu ya jumla kwa shahada ni prinsipali mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya alama 4 kwenye masomo yanayohitajika na kozi. D mbili zinafika. Lakini kufika sakafuni si kupata nafasi, maana wanaojaza nafasi huanzia juu kushuka chini.

Mpe binti daftari. Aandike kila kozi inayoipokea CBG ambayo hataona kinyaa kuamka saa kumi na moja kwa ajili yake. Ataona kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, samaki, chakula na lishe, ualimu wa sayansi. Nyingine zitataka hesabu au fizikia ya kidato cha nne, asome hadi mwisho wa mstari. Zikibaki kozi tano au sita, aangalie ni chuo gani kinajirudia. Nina hakika SUA itajirudia mara nyingi kuliko chuo chochote.

Baada ya hapo ndipo swali lako lenyewe. Kwangu mimi chuo kinastahili nauli kikipita vigezo vitatu. Kozi inampokea kwa kombi yake, yaani zile herufi tatu. Mnaweza kukilipia hata mkopo ukija nusu. Na cha tatu, ambacho ndicho kinachoamua: kuna jambo ambalo jibu lake lingemfanya abadilishe uamuzi, na jibu hilo halipatikani kwa simu. Ada iko kwenye tovuti. Tarehe za kufungua ziko kwenye tovuti. Lakini kama maabara ya kemia ina vifaa au ina meza tu, kama bwenini maji yanatoka au ndoo zimepangwa foleni tangu alfajiri, kama binti wa miaka kumi na minane anaweza kutoka maktaba saa tatu usiku akafika chumbani bila kukimbia, hayo yanajibiwa na miguu.

UDOM niliiondoa kwa kigezo cha tatu. Ni chuo kikubwa, kilianzishwa 2007, kimetawanyika kwenye vilima nje ya mji wa Dodoma, na ndaki moja na nyingine ni mwendo hasa. Mambo muhimu ya UDOM, vyumba, usafiri wa ndani, jua la Dodoma, mtoto yeyote aliyesoma huko atakueleza kwa dakika kumi, na hapo Songea hamkosi jirani mwenye mtoto aliyepita UDOM. Mlimani vile vile. Mtafuteni kijana aliyeko pale mwaka wa pili, si wa kwanza ambaye bado anashangaa, wala si mhitimu wa zamani anayesimulia enzi zake. Mwombeni arekodi video ya chumba anacholala na njia anayopita kutoka darasani. Muulizeni pia kama wanabebana. Atacheka, kisha atasema ukweli. Kubebana ni pale mwenye kitanda anapomhifadhi mwenzake aliyekosa, godoro moja watu wawili, na ukisikia chuo kinabebana sana ujue hesabu ya kupanga mtaani muanze kuiweka.

Sasa hela. Nimepiga hesabu hii nikikadiria, wewe ipitie na bei za stendi yenu. Nauli ya Songea hadi Morogoro nimeiweka 40,000 kwa mtu, wawili 80,000. Kurudi mnakata safari Iringa, vipande viwili huongeza kidogo, nimeweka 90,000. Kulala usiku mbili Morogoro na mbili Iringa, chumba kimoja cha gesti cha 20,000, ni 80,000. Chakula siku tano, 8,000 kwa kila mmoja kwa siku, 80,000 nyingine. Daladala na bajaji 25,000. Jumla 355,000. Inabaki 45,000, na hiyo isiguswe, kwa sababu basi huharibika na mtoto huugua. Mkiwa na ndugu Morogoro wa kuwalaza, mtapumua zaidi, ila pelekeni hata kilo tano za maharage, msiende mikono mitupu.

Mkifika Morogoro mtashawishika. Mtu atawaambia treni ya SGR hadi Dar ni chini ya saa mbili, 13,000 tu daraja la kawaida, mkaone Mlimani mrudi. Kwa wawili kwenda na kurudi ni 52,000. Akiba imekwisha na bado hamjala wala kupanda daladala la Dar. Kataeni.

Mtakataa pia kushuka Mzumbe. Basi linakaribia pale kabla ya kuingia Morogoro, na kila mzazi akiona kibao anasema "si tushuke tu, tumeshafika". Mzumbe ni chuo kizuri kwa utawala, biashara na sheria. Kwa mtoto wa CBG anayependa mimea na wanyama, kiko njiani tu, basi.

Na kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi. Mwanafunzi anayekuja nyumbani mara mbili kwa mwaka hupanda basi mara nne. Kwa miaka mitatu ni mara kumi na mbili. Chuo ambacho kila safari yake ni 30,000 zaidi ya kingine kitakuwa kimekula 360,000 hadi anahitimu, yaani karibu yote ya kikoba chako, bila hata kuhesabu siku anazopoteza njiani. Ndiyo maana nikaangalia barabara ya Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, na kujiuliza nini kiko juu yake.

Kabla ya kwenda, ulizeni almanaka ya chuo. Hili nalisema kwa uchungu. Mwanangu wa pili nilimpeleka kuona chuo kimoja, sitakitaja, tukasafiri siku nzima kufika. Tulikuta likizo. Mlinzi alikuwa mkarimu, akatuzungusha. Tuliona bustani, sanamu na bweni lililofungwa kufuli. Bustani ilikuwa nzuri sana. Mwanangu alikichagua kwa sababu ya ile bustani, na mwaka wa kwanza mzima alinipigia simu akilalamika habari ya maji. Vyuo vya umma kwa kawaida Juni huwa vinaendelea na muhula wa pili, ila thibitisheni, tena epukeni wiki ya mitihani, kwa sababu hakuna atakayekuwa na muda na nyinyi. Pigeni simu ofisi ya udahili, waambieni mnakuja siku fulani. Mwombeni mkuu wa shule ya binti barua fupi ya utambulisho. Getini barua yenye muhuri inafungua kuliko maelezo.

SUA yenyewe sasa. Safirini Jumatatu, mtashuka stendi ya Msamvu usiku. Jumanne yote iwe ya kampasi kuu, ile ya Edward Moringe, chini ya milima ya Uluguru. Chuo kilipata hadhi ya kuwa chuo kikuu kamili Julai 1984, miezi michache baada ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kufariki kwa ajali ya gari huko huko mkoani Morogoro, ndiyo maana kikabeba jina lake. Muulizeni mtu wa udahili kwanza: kozi hizi mbili tatu alizoziandika zinafundishwa kampasi ipi? Kwa sababu kuna kampasi ya pili, Solomon Mahlangu, kule Mazimbu, na mtoto anaweza kuwa amejiandaa kuishi huku akajikuta kule. Mazimbu ndiko wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini walikokuwa na shule yao hadi 1992 walipoikabidhi kwa Tanzania. Jumatano asubuhi mkienda mtaona nyumba za enzi zile, na makaburi ya waliokufa bila kurudi kwao. Mtoto wa jiografia atapapenda. Lakini hamkwenda kwa ajili ya hilo.

Hapo kampasi kuu, wewe mama, naomba kitu kigumu: kaa kantini. Agiza chai. Mwache binti atembee mwenyewe saa mbili. Wanafunzi wakiona mzazi wanasimama wima na kusema chuo ni kizuri, tunamshukuru Mungu. Wakimwona msichana mwenzao na daftari watamwambia ni somo gani linawapa watu supu, nani alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, mwaka jana na kwa nini, mhadhiri gani anaeleweka. Supu si ya makongoro, usishtuke, ni mtihani wa marudio. Amtafute mmoja anayesoma kozi ile ile na amuulize maswali mawili tu yenye maana. La kwanza: "Wiki iliyopita mlifanya nini kwa mikono yenu?" Kozi ya kilimo ambayo kwa wiki nzima hakuna aliyeshika jembe, darubini wala ng'ombe ina kasoro, hata kama jengo lake lina vioo. La pili: "Mafunzo kwa vitendo mnakwenda wapi, wiki ngapi, na hela inatoka kwa nani?" Jibu la swali hilo hubadilisha bajeti ya mwaka.

Wewe ukiwa kantini huna kazi ndogo. Angalia bei ya wali maharage. Zidisha kwa milo mitatu, au miwili na chai, kama wanavyokula kweli. Kisha kumbuka kwamba mwenye mkopo kamili wa chakula na malazi kutoka HESLB, bodi ya mikopo, hupewa 10,000 kwa siku, ndilo hilo wanaloliita bumu, na halianguki kila siku, linakuja kwa mafungu. Toa chakula, uone kinachobaki kwa chumba, sabuni na vocha. Hapo utajua wewe kama mama utatakiwa kuongeza kiasi gani kila mwezi. Hakuna kitabu cha chuo kitakachokupa namba hiyo, na pengine ndiyo yenye thamani kuliko yote mtakayorudi nayo Songea.

Ukimaliza chai, nenda kwenye mbao za matangazo. Mimi huzipenda kuliko vipeperushi. Kipeperushi kimeandikwa kwa ajili yako, tangazo la mbaoni limeandikwa na wao kwa wao. Utaona godoro la futi nne linauzwa, chumba mtaa wa Mafiga kodi miezi mitatu, nani amepoteza kitambulisho, semina ya nini, notisi ya watu wanaodaiwa. Tangazo la chumba linakupa bei ya mtaa bila kuuliza dalali. Kisha ulizia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ingia, uliza jambo moja: wasichana wa mwaka wa kwanza wanapewa kipaumbele cha vyumba au la? Sikiliza jibu, na sikiliza pia namna walivyokujibu. Ofisi inayokujibu vizuri kabla hujalipa senti haitabadilika sana baada ya kulipa, na ile inayokufokea ndivyo itakavyomfokea mtoto akiwa na shida.

Kama binti anapenda wanyama, mkaone hospitali ya wanyama ya chuo. Nilishampeleka pale mwanafunzi mmoja aliyekuwa na hakika anataka udaktari wa mifugo. Tulimkuta mtaalamu ameingiza mkono hadi bega kwa ng'ombe, glovu ndefu, jasho linamtoka, wanafunzi wamezunguka. Mwanafunzi wangu alirudi nyuma hatua tatu. Mwenzake aliyekuja kutusindikiza tu, ambaye hakuwa na mpango huo, alisogea mbele. Nauli ile ililipa mara mbili.

Jumatano mchana chukueni basi la Iringa. Bebeni masweta, Juni ya Iringa si mchezo. Mtashuka stendi ya Igumbilo, na Alhamisi asubuhi mwende Mkwawa. Kwa nini nimekiweka wakati binti hakukitaja? Kwa sababu alitaja Mlimani. Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na anayehitimu pale anapata shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiondoa jiji, foleni na kubebana, akiwa na mpango wa ualimu wa sayansi amepata Mlimani yake nusu ya njia ya kuelekea Dar. Kazi kubwa ya Mkwawa ni kuandaa walimu, na ndilo swali la kumuuliza: anaweza kujiona mbele ya darasa? Asipojiona, saa moja inatosha, mkatafute chai. Mimi mwalimu namwambia bila kupamba: ajira za Serikali za ualimu zina foleni ndefu siku hizi, ingawa mwenye kemia na baiolojia bado ana unafuu kuliko wa masomo ya sanaa.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niseme iwe Juni hii, na mueleze baba yake hivyo hivyo. Watoto wengi wakimaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei huitwa JKT kwa mujibu wa sheria miezi mitatu, wanaripoti karibu na mwanzo wa Juni. Matokeo hutoka Julai, dirisha la udahili hufunguliwa hapo hapo, na yeye bado yuko kambini amenyoa kipara. Mwakani binti huenda akawa anachagua chuo kwa simu ya kuazima kwa dakika tano. Yale maonyesho ya vyuo vikuu ya TCU hufanyika Julai viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar. Kwa mzazi wa Dar ndiyo njia rahisi kuliko zote, vyuo vyote meza moja baada ya nyingine kwa nauli ya daladala. Kwenu nyinyi ni mbali na si wakati wake. Ukitaka kitu cha karibu zaidi, Nane Nane ya Mbeya vyuo kadhaa huweka mabanda, ukiwa na safari ya biashara huko mwezi wa nane pita.

Baba yake mpe kazi, asibaki kusema tu. Afuatilie cheti cha kuzaliwa cha binti na uhakiki wake RITA, wakala wa usajili wa vizazi, maana maombi ya mkopo yatauhitaji na wanaosubiri hadi mwezi wa saba huishia kwenye msongamano. Aandike pia namba za hao vijana wa UDOM na Mlimani awapigie yeye. Wanaume wa umri wetu tukipewa namba ya kupiga tunajiona tunaongoza msafara.

Na mtu yeyote atakayekufuata sokoni akisema ni wakala wa chuo, anaweza "kukushikia nafasi" kwa elfu hamsini, mpite. Maombi hufanywa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, ada ya maombi vyuo vingi vya umma ni 10,000, na mtoto anaweza kuomba zaidi ya kimoja. Akipata viwili, ndipo anathibitisha kimoja. Jina la chuo msilolijua mlitafute kwanza kwenye orodha ya TCU. Lisipokuwemo, hakuna haja hata ya kuuliza nauli.

Ijumaa mtapanda basi la Songea pale Igumbilo. Usimuulize kachagua nini. Usimuulize kabisa. Mwache akae dirishani, alale kidogo. Mkifika Makambako, basi likisimama watu wanunue mahindi ya kuchoma, atakuwa ameshaanza kusema mwenyewe. Wewe sikiliza ni chuo kipi anakiita "pale kwetu".